Habari za Joginder Singh, Fundi wa Motokaa

1. Njia za matope

Mtu aliyekulia Mbinga, au katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Nyasa kama Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, hana haja ya kuelezwa matope ni kitu gani. Udongo mwekundu wa milima ya Umatengo ukinyeshewa na mvua ya masika huteleza kama sabuni. Kabla ya barabara ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay kutiwa lami, lori liliweza kukwama katika kilima kimoja mchana kutwa. Utingo walikata matawi wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Katika njia kama ile dereva hakusifiwa kwa kwenda mbio. Alisifiwa kwa kufika.

Katika Afrika ya Mashariki alikuwako mtu mmoja aliyepata sifa katika nchi nyingi za dunia kwa sababu alijua kufika katika njia za namna hiyo. Jina lake lilikuwa Joginder Singh, mwenyeji wa Kenya. Alishinda mara 3 katika mashindano ya motokaa yaliyoitwa Safari, na kabla yake hapakuwa na mtu aliyefikisha ushindi wa mara 3. Walakini kabla ya kuwa mshindani alikuwa fundi, na ufundi huo hakuuacha maisha yake yote. Watu walimwona akipita njiani kwa dakika moja, wakapiga vigelegele. Lakini kazi iliyompa ushindi ilikuwa imefanyika zamani, katika karakana, mahali pasipokuwa na mtazamaji.

2. Mtoto wa fundi

Joginder Singh alizaliwa Kericho, katika nchi ya mashamba ya chai ya magharibi ya Kenya, tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Battan Singh, alikuwa ametoka Punjab, katika pande za kaskazini ya Bara Hindi. Watu wa dini yao huitwa Masingasinga. Wanaume wao hawakati nywele, nao hufunga kilemba. Neno Singh maana yake ni simba, na wanaume wengi wa dini ile hulichukua liwe sehemu ya majina yao.

Masingasinga walijulikana katika Afrika ya Mashariki kwa kazi za mikono. Reli ya kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria ilipojengwa, tangu mwaka 1896 hata 1901, maelfu ya wafanya kazi waliletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwako wahunzi, maseremala na waashi wa Kisingasinga. Baadaye wengine wakaja kwa hiari yao kutafuta maisha. Motokaa zilipoanza kuenea katika nchi, mafundi hao na watoto wao wakaacha kutengeneza magari ya ng'ombe wakaanza kutengeneza injini. Hata leo, katika miji mingi ya Kenya na Tanzania, wazee hukumbuka karakana ya Singasinga fulani ambako kila kitu kilichovunjika kilitengenezwa.

Battan Singh naye alikuwa na karakana. Joginder, mzaliwa wa kwanza katika jamaa yenye watoto wengi, alipelekwa shule Nairobi, na alipomaliza masomo akaingia katika karakana ya baba yake awe kijana wa spana.

Kazi ya kijana wa spana si ya heshima machoni pa watu. Fundi akilala chini ya motokaa, kijana humpokeza chombo anachokitaka, na ole wake akipokeza spana ya kipimo kingine. Huosha vyuma vyenye grisi, hufagia, hubeba matairi, huzungusha jeki. Nguo zake hazitakati kamwe. Walakini ndiyo shule ya kwanza ya fundi, kwa sababu mwanagenzi huyu huona injini ikifunguliwa na kufungwa tena mara nyingi, hata mwisho akaijua kwa kuigusa tu, kama mtu ajuavyo nyumba yake gizani.

Hapo hujifunza kusoma dalili. Plagi ikitolewa katika silinda huonyesha rangi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa; ikiwa nyeupe, petroli ni chache na injini itaungua; ikiwa ya rangi ya udongo uliokauka, vimepatana. Fundi wa pikipiki huitazama dalili hiyo hiyo. Tena hujifunza kusikiliza, maana vali iliyolegea hugonga kwa sauti yake, na beringi iliyokwisha hulia kwa sauti nyingine. Fundi asiye na masikio hufungua injini nzima kutafuta kosa ambalo mwenzake hulijua kwa kusimama tu karibu nayo.

Joginder alipokwisha kuyajua haya alifanya kazi ya ufundi kwa watu wengine pia. Baadaye alipata kazi katika chama cha wenye motokaa cha Afrika ya Mashariki, kazi ya kuzunguka barabarani na kuwasaidia wasafiri ambao magari yao yameharibika. Kazi hiyo ilimfaa kupita alivyoweza kujua wakati ule. Mtu wa karakana ana vyombo vyake vyote ukutani, ana taa na ana kivuli. Lakini anayetengeneza gari njiani ana kisanduku kimoja tu, jua liko juu ya kichwa chake, na mwenye gari amesimama kando akimwangalia. Hujifunza kulitambua kosa upesi na kulitengeneza kwa kitu kilichopo.

3. Mashindano ya Safari

Mwaka 1953 wapenda motokaa wa Afrika ya Mashariki walianzisha mashindano ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka katika kiwanja. Washindani walipita katika barabara zile zile za watu wote, katika Kenya, Uganda na Tanganyika, mchana na usiku. Mwendo wake katika miaka iliyofuata ulizidi maili 3,000. Yalizoea kufanywa siku za Pasaka, wakati mvua za masika zinapoanza, kwa hiyo motokaa iliweza kupita asubuhi katika vumbi lililofunika kila kitu, na jioni ikazama katika matope mpaka milangoni.

Amri zake zilikuwa hivi. Katika kila motokaa waliingia watu 2, dereva na mwenzake wa kusoma njia na kupokezana usukani. Magari hayakuondoka pamoja. Liliondoka moja, na baada ya dakika chache likafuata jingine. Njiani palikuwa na vituo, na kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika. Aliyechelewa aliandikiwa alama za makosa kwa kila dakika aliyochelewa. Mwisho alama zilihesabiwa, na mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Basi mtu aliyekimbia sana asubuhi kisha akakwama mtoni saa nzima alikuwa ameipoteza faida yake yote. Njiani walikuwako ng'ombe na mbuzi, malori yasiyo na taa, na wanyama wa porini waliotoka gizani ghafula.

Ugumu wa Safari unaonekana katika hesabu. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, nazo zilizomaliza zilikuwa 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, na mara hii tena zikamaliza 7. Makampuni makubwa ya Ulaya yalituma madereva wao hodari waliozoea kushinda katika theluji na katika milima ya kwao, lakini kwa miaka mingi walirudi mikono mitupu. Tangu mwaka 1953 hata 1971 hapakuwa na dereva wa ng'ambo aliyeshinda Safari. Wenyeji wa Afrika ya Mashariki ndio walioshinda, kwa sababu waliijua nchi. Dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972.

Joginder aliingia katika Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, naye ana umri wa miaka 27. Hakushinda. Akaingia tena mwaka uliofuata, na uliofuata huo, asishinde. Miaka ikapita. Wengine wangechoka, kwa maana mashindano hayo yalikula fedha nyingi, na mtu wa karakana hakuwa tajiri. Lakini kila mwaka aliongeza maarifa: alijua kitu gani kimevunjika, kimevunjika wapi, na kwa nini.

4. Gari la mkono wa pili

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Uswidi ilileta motokaa zake Afrika ya Mashariki kushindana, pamoja na madereva wake. Hawakufanikiwa. Ushindi wa mwaka ule ulichukuliwa na Peter Hughes wa Kenya katika Ford Cortina. Mashindano yalipokwisha, moja ya motokaa zile za Volvo, aliyokuwa ameiendesha Tom Trana, Mswidi hodari, ilibaki huku. Ilikuwa imekwisha kuteswa na mawe na matope ya Safari, nayo ikauzwa. Aliyeinunua ni Joginder Singh.

Aina ya motokaa ile iliitwa PV544. Mgongo wake ulikuwa wa mviringo, na umbo lake lilikuwa la mtindo wa zamani, kwa kuwa lilibuniwa wakati wa vita kuu ya pili ya dunia. Injini yake ilikuwa na silinda 4, na ukubwa wa lita 1.8. Mwaka 1965 kampuni yenyewe iliacha kuitengeneza. Basi mtu aliyeitazama angeona gari lililotumika, la mtindo uliokwisha, lililoshindwa mikononi mwa bingwa. Lakini wahenga wamesema, mchagua jembe si mkulima. Fundi hakutazama sura ya gari. Alitazama chuma chake, akakiona kuwa ni kigumu.

Motokaa ya Safari haikuweza kuachwa kama ilivyotoka kiwandani. Chini ya injini hufungwa bamba nene la chuma, ili jiwe lisitoboe chombo cha mafuta. Springi huongezwa nguvu, kwa sababu gari hubeba magurudumu ya akiba, petroli, vyombo vya kazi na majembe. Kila nati hukazwa, kisha huwekewa alama au kufungwa waya, maana mtikiso wa siku kadha hulegeza hata kitu kilichokazwa na mtu mwenye nguvu. Mipira inayopitisha maji na petroli hubadilishwa, hata kama ile ya zamani ingali mizima machoni.

Kisha iko habari ya maji. Injini huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi. Ikiingia mtoni ikavuta maji badala ya hewa, pistoni hupanda kuyabana maji yale, nayo maji hayabaniki; ndipo vyuma vinavyoishika pistoni hupinda, na injini ikafa pale pale. Tena umeme unaokwenda katika plagi ukilowa, moto hauwaki. Kwa hiyo fundi wa Safari huinua mdomo wa hewa mahali pa juu, na kuzifunika nyaya za umeme zisirushiwe maji.

Tena iko habari ya milima. Motokaa za siku zile zilichanganya petroli na hewa katika kabureta. Pwani ya Mombasa hewa ni nzito; Nairobi, mahali palipo juu ya bahari kwa mita 1,600 na zaidi, hewa ni nyepesi; na katika milima ya Kericho ni nyepesi zaidi. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani huipa injini petroli nyingi mno inapofika milimani, na nguvu zake hupungua. Wenyeji wa Ruvuma wanaweza kulifahamu jambo hili, kwani uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi juu ya bahari, na milima ya Umatengo iko pahali panapopita mita 1,500. Gari la kabureta lililopanda kutoka Mbamba Bay lilihema njiani kama mzee. Fundi wa Safari hana budi kutafuta kipimo cha katikati, kitakachoifaa injini pwani na milimani pia, na hakipati kwa kusoma kitabu tu. Hukipata kwa kujaribu, kusikiliza na kutazama rangi ya plagi.

Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro, nacho kinaifanana kazi hii. Mkulima hulaza majani mistari kwa mistari juu ya mteremko wa mlima, akayafunika kwa udongo, akaacha mashimo katikati. Anayepita wakati wa jua huona mashimo tu. Mvua kubwa inaposhuka ndipo maana yake huonekana: maji hutulia katika mashimo, na udongo wa shamba hauchukuliwi mpaka bondeni. Kazi hiyo imefanywa kabla ya mvua. Anayeianza mvua ikiwa imekwisha kunyesha amechelewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kazi ya Joginder juu ya motokaa ile kuukuu.

5. Pasaka ya mwaka 1965

Safari ya mwaka 1965 ilipofika, Joginder alikuwa na umri wa miaka 33. Mwenzake katika gari alikuwa ndugu yake, Jaswant. Gari lao lilipewa namba 1, maana yake liondoke mbele ya magari yote.

Kutangulia kuna faida na kuna hatari. Aliye mbele hali vumbi la mtu, na hakuti njia iliyokwisha kuchimbwa na magurudumu ya wengine. Lakini pia hana alama ya kufuata. Akifika penye dimbwi hajui kina chake. Akifika penye utelezi hakuna aliyemwonyesha upande ulio mgumu. Wenzake wa nyuma hujifunza kwa makosa yake, naye hana wa kumfundisha. Na mwaka ule mvua ilinyesha, njia zikawa mbaya.

Ndugu wawili hawa waliendesha mchana na usiku, wakipita katika matope na mito. Nyuma yao magari yenye nguvu kuliko lao, mengine yametayarishwa na mafundi wa viwandani, yalikwama au yalivunjika. Gari la mkono wa pili halikuvunjika. Likawa la kwanza kuondoka na la kwanza kurudi, na hesabu ilipofanywa ilionekana kwamba limemzidi aliyefuata kwa saa 1 na dakika 40. Katika mashindano ambayo kila dakika ilihesabiwa, tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno.

Ushindi huu ulikuwa na maana kuliko kikombe. Wakati wa ukoloni watu wa Kenya waligawanywa kwa rangi zao. Shule za Wazungu zilikuwa mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mbali. Hospitali vivyo hivyo, na mitaa ya kukaa vivyo hivyo. Ile milima yenye rutuba ilikuwa imewekwa kwa ajili ya Wazungu tu. Mhindi aliruhusiwa kutengeneza motokaa, lakini mashindano ya motokaa yalihesabiwa kuwa mchezo wa mabwana wenye mali. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwaka 1965 watu walikuwa bado wanaulizana moyoni nani atahesabiwa kuwa mwana wa nchi. Kabla ya mwaka ule hapakuwa na dereva asiye Mzungu aliyeshinda Safari. Sasa kijana wa spana wa Kericho, mwenye kilemba, alikuwa amewashinda wote kwa gari walilolitupa wengine, na watu wa rangi zote waliosimama kando ya njia walimshangilia kama mtu wao.

Wakampa jina la Simba wa Kenya, nalo lilimfaa mara mbili, kwa kuwa ndiyo maana ya jina lake mwenyewe. Watu wa ng'ambo walimwita Singasinga Arukaye.

6. Miaka ya kungoja

Baada ya ushindi huo wengi walidhani utafuata mwingine mara moja. Haikuwa hivyo. Mwaka 1966 na mwaka 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland wa Tanzania, katika Peugeot 404. Wakaja washindi wengine. Katika miaka ile ile maelfu ya Wahindi waliondoka Kenya kwenda Uingereza, maana wengi hawakuwa raia wa Kenya, na sheria mpya za kazi na biashara ziliwabana. Joginder aliendelea kushindana kama mwana wa Kenya. Kila Pasaka aliingia tena. Ilipita miaka 9.

Mwaka 1973 mashindano ya Safari yaliingizwa katika hesabu ya ubingwa wa dunia, na makampuni makubwa yakazidi kuyataka. Mwaka 1974 Joginder alishindana katika Mitsubishi Lancer ya Japani, gari dogo lenye injini ya lita 1.6. Mwenzake alikuwa David Doig. Kampuni ile ilikuwa haijapata kushinda hata mara moja katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Miongoni mwa wapinzani alikuwako Björn Waldegård, Mswidi, katika Porsche ya Ujerumani, gari lenye nguvu nyingi. Mtu huyu baadaye, mwaka 1979, alipata ubingwa wa dunia.

Mwaka ule mvua ilikuwa kali sana, na njia ziligeuka mito. Gari lenye nguvu nyingi likiingia katika matope, nguvu zake zaweza kuwa adui. Magurudumu huzunguka upesi, yakajichimbia kaburi yenyewe. Katika hali ile anayefaa ni yule ajuaye kiasi, mwenye mguu mwepesi, anayelisikia gari lake linapoanza kuchoka akalihurumia kabla halijakataa. Joginder alishinda, Waldegård akawa wa pili. Mshindi alikuwa na umri wa miaka 42.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1976, alishinda tena kwa gari la namna ile ile, na David Doig akiwa mwenzake tena. Mara hii magari ya Lancer yalichukua nafasi ya 1, ya 2 na ya 3. Ndipo Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara 3. Baada yake Shekhar Mehta, aliyekuwa mwenyeji wa Uganda kisha wa Kenya, aliizidi hesabu hiyo kwa kushinda mara 5. Lakini sifa ya aliyetangulia haikupungua, maana ndiye aliyeonyesha kwamba inawezekana.

7. Hesabu iliyo kubwa kuliko ushindi

Watu wakimkumbuka Joginder Singh huhesabu ushindi wake 3. Mafundi wanayo hesabu nyingine, nayo wanaiona kuwa kubwa zaidi. Aliingia katika Safari mara 22, na katika hizo 22 alimaliza mara 19. Yafaa kukumbuka kwamba kulikuwa na miaka ambayo kati ya magari 80 na zaidi yaliyoondoka, yaliyorudi hayakufika 10. Mtu anaweza kushinda mara moja kwa bahati. Mvua ikawanyeshea wengine isimnyeshee yeye, au gari la mbele likavunjika karibu na mwisho. Lakini hapana bahati inayomfikisha mtu mara 19. Hiyo ni kazi ya mikono iliyokaza nati kila moja, na masikio yaliyoisikiliza injini usiku kabla ya safari, na moyo uliokubali kwenda polepole pale njia ilipotaka hivyo.

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Kenya iliomboleza kama inavyomwombolezea mwana wake, na katika nchi za mbali wapenda motokaa walizisimulia tena habari za gari la namba 1.

Leo katika Mbinga na katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Nyasa wako vijana wengi wanaokaa chini ya miembe wakitengeneza pikipiki na injini za mashua. Mikono yao ni myeusi kwa grisi, na wapita njia hawawaangalii mara mbili. Katika kazi kama hiyo Joginder Singh alianza, akipokeza spana na kuosha vyuma vya watu wengine. Afungaye nati ya pikipiki ya mwenzake amebeba uhai wa mwenzake katika mteremko wa mlima, na atengenezaye injini ya mashua amebeba uhai wa wote watakaokuwa ziwani upepo utakapochafuka. Basi kazi ya fundi haina sehemu ndogo. Aifanyaye vema mahali pasipo na mtazamaji, ndiye atakayefika wakati wengine wamekwama.